Bima kubwa ya gari ilikwisha Juni mwaka jana: nikikata tena sasa, nitadaiwa miezi ambayo gari lilikuwa limelala?

Kiburugwa (mtoa mada)

Habari zenu wanajamvi. Nina gari dogo la kutembelea ambalo bima yake kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lenyewe, ilikwisha Juni 2023. Wakati huo gari lilikuwa gereji likisubiri gia boksi, na kwa kuwa lilikuwa limepandishwa juu ya mawe sikuona sababu ya kulilipia bima. Sasa ni Machi 2024, gia boksi imefungwa, gari linawaka, nami nataka kurudi barabarani kihalali.

Wakala niliyempigia ameandika thamani ya gari kuwa shilingi milioni 12, akapiga asilimia 3.5, akapata 420,000, kisha akaongeza VAT ya asilimia 18 ikawa 495,600. Mara ya mwisho nililipa 413,000. Gari limezeeka na limelala miezi yote hiyo, iweje bei ipande? Jirani yangu anasema ndani yake kuna deni la miezi niliyokaa bila bima, ila wakala hataki kulitaja. Shemeji yangu naye anashikilia kwamba kuna siku 30 za neema baada ya bima kuisha, na kwamba kosa langu ni kuzipitisha. Naomba mwenye ufahamu anieleweshe kabla sijalipa.

Bandubandu

Jirani yako yuko sahihi, mkuu. Serikali haijawahi kukusahau kwa sababu tu gari lako ni bovu. Mimi gari langu lililala uani kwa muda mrefu, na nilipotaka kulifufua nilikuta malimbikizo pamoja na adhabu yake, na hakuna aliyeniuliza kama lilikuwa linatembea au lilikuwa makazi ya kuku. Jiandae kulipa.

Mama Kilakala

Ndugu Bandubandu, unachokisimulia si bima. Hiyo ilikuwa ada ya mwaka ya leseni ya gari, tuliyokuwa tukiilipa TRA, mamlaka ya mapato, ambayo kweli ilikuwa ikijilimbikiza hata gari likiwa limesimama. Ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa lita. Bima ni mkataba kati yako na kampuni. Kampuni haiwezi kukudai ada ya kipindi ambacho haikubeba hatari yoyote kwa niaba yako, kwa sababu gari lako lingeungua Desemba isingekulipa hata senti. Tusimtishe mtoa mada kwa kivuli cha ada iliyokwisha kuzikwa.

Bandubandu

Nashukuru kwa historia, mama. Hata hivyo hujaeleza kwa nini bei imepanda. Fedha haipandi yenyewe bila kupandishwa.

Dalali Mstaafu

Nimefanya kazi ya udalali wa bima kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Bima ya gari huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na usiku wa siku ya mwisho ukipita wajibu wa kampuni unakoma. Hakuna siku za neema katika bima ya gari. Siku 30 anazozitaja shemeji yako zipo katika mikataba ya bima ya maisha, ambako mteja aliyechelewa kulipa hupewa muda kabla mkataba haujavunjika, na watu wengi wanazihamishia kwenye magari bila kujua kwamba ni bidhaa mbili tofauti. Kwa hiyo unachokinunua leo ni mkataba mpya kabisa hata kama ni kampuni ile ile, na utajaza fomu ya maombi upya kama mgeni. Deni halipo.

Upandaji wa bei una chanzo kinachojulikana. Mteja asiyedai fidia hupewa punguzo anapoendelea na bima mfululizo, na mfululizo ukikatika kampuni nyingi humrudisha mwanzo. Ndiyo maana wakala hakukupa bei ya zamani. Hapo hajakudanganya.

Hesabu Hazidanganyi

Mzee wangu Dalali, nakubaliana nawe kuhusu deni, lakini kwenye punguzo naomba nikupinge kwa heshima. Chukueni 413,000 ya mtoa mada mgawanye kwa 1.18. Mnapata 350,000 kamili, ambayo ni asilimia 3.5 ya milioni 10 bila kupungua wala kuzidi. Maana yake mara ya mwisho hakupewa punguzo lolote. Alikatiwa kwa kiwango kile kile ila gari liliandikwa milioni 10. Kilichobadilika ni thamani. Mtoa mada, tazama hati yako ya zamani utuambie iliandikwa kiasi gani.

Kiburugwa (mtoa mada)

Nimeitafuta na nimeiona. Ni kweli, iliandikwa milioni 10. Sasa swali linakuwa gumu zaidi: gari lenye umri mkubwa kuliko mwanangu wa kidato cha pili linapandaje thamani likiwa juu ya mawe?

Konda wa Zamani

Mkuu, hilo gari lilikuwa limewekwa kwenye akaunti ya muda maalumu. Nenda kachukue riba yako kwa fundi.

Mnunuzi wa Mnada

Tuache utani kidogo, maana jambo hili lina maelezo. Mwaka 2023 dola ilikuwa adimu na shilingi ikashuka, na magari yaliyotumika kutoka Japani yananunuliwa kwa dola na kutozwa ushuru kwa thamani ya dola. Gari likiwa ghali bandarini, hata lile lililokwisha kuingia nchini hupanda bei kwa sababu mnunuzi anayeshindwa kuagiza huhamia kwenye soko la hapa. Wakala aliyeandika milioni 12 huenda ametazama bei za matangazo ya leo, na kwa macho ya soko yuko sahihi.

Mama Kilakala

Au ametazama kamisheni yake, ambayo hukokotolewa kwa asilimia ya ada. Simshutumu, nasema tu kwamba sababu zinaweza kuwa mbili.

Kiburugwa (mtoa mada)

Je, nikimwambia aandike milioni 7 ili nilipe kidogo kuna ubaya gani? Gari ni langu, thamani naipanga mimi.

Dalali Mstaafu

Ubaya upo, na utauona siku ya ajali. Mikataba mingi ya mali ina kanuni ya wastani. Ukiweka milioni 7 kwa gari la milioni 12, kampuni itasema umekata bima ya sehemu tu ya gari na sehemu iliyobaki umejibebea mwenyewe. Ukigongwa upande wa mbele na gharama ya matengenezo ikawa milioni 2.4, utalipwa saba ya kumi na mbili ya kiasi hicho, yaani milioni 1.4, tena kabla ya kuondoa ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Gari likiibwa utapewa milioni 7 na hutanunua lingine kama hilo. Kuandika kikubwa kupita kiasi nako hakukusaidii, kwa sababu kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya hasara, haikulipi ndoto iliyoandikwa kwenye fomu.

Kuhusu hesabu ya ndugu yetu, naiona ni sahihi kwa upande wa mwaka ule. Lakini haiondoi uwezekano kwamba kama angeendelea bila kukatika, mwaka huu angestahili punguzo. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Fundi Bodi

Mnajadili bei mkasahau ukaguzi. Anayerudi baada ya kukaa nje hapewi bima kubwa kwa simu tu. Hapa gereji kwangu huja maofisa wa bima kukagua magari ya namna hiyo, na nawaona wanachofanya. Wanapiga picha pande zote nne, wanakipiga picha kioo cha mbele kwa karibu, wanafungua boneti kutafuta namba ya injini, wanafuta vumbi kwa kitambaa kwenye namba ya chesisi na kuilinganisha na kadi herufi kwa herufi, kisha wanawasha gari ili dashibodi ioneshe kilomita. Kila mkwaruzo unaandikwa. Juzi mmoja alisogeza zulia la buti akakuta chuma kimechomelewa, akauliza maswali mengi kuliko polisi.

Wanafanya hivyo kwa sababu kuna watu wanagonga wakiwa hawana bima, wanakaa kimya, wanakata bima, wanasubiri wiki kadhaa kisha wanadai. Kwa hiyo, mtoa mada, kama kuna mahali popote palipobonyea gari likiwa gereji, paoneshe mwenyewe.

Dereva wa Mbezi

Swali dogo kwa Fundi. Kampuni inataka gari lipelekwe ofisini kwao kukaguliwa ndipo watoe bima, na sheria inakataza gari lisilo na bima kuingia barabarani. Nitalipelekaje? Nilibebe kichwani?

Fundi Bodi

Ofisa anaweza kuja gari liliko, au unatumiwa mtu wa kupiga picha. Wengine hukodi gari la kuvuta.

Konda wa Zamani

Wengine hupita njia za ndani saa kumi na mbili asubuhi na kumtegemea Mungu.

Wakili wa Pembezoni

Nashauri ushauri wa Konda usifuatwe, ingawa najua unafuatwa sana. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimu kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima ya kulinda watu wengine dhidi ya kifo au majeraha. Zingatieni neno barabarani. Gari lililosimama juu ya mawe ndani ya ua wa gereji halikuwa likitumika barabarani, kwa hiyo mtoa mada hakuvunja sheria kwa kukaa bila bima miezi hiyo, na hana faini ya nyuma. Lakini dakika atakayolitoa getini bila bima, hata kwa kwenda kukaguliwa, kosa linaanza.

Faini ndiyo sehemu ndogo ya hatari hiyo. Ukimgonga mtu ukiwa na bima, hukumu ikitoka kampuni inawajibika kulipa fidia ya majeraha yake hata kama ina ugomvi wake na wewe. Ukimgonga ukiwa huna bima, hukumu ile inakufuata wewe, mshahara wako na kiwanja chako.

Njia rahisi ya kutoka katika mkwamo wa Dereva wa Mbezi ni kukata kwanza bima ndogo, ile ya kulinda watu wengine tu, ambayo kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT na haihitaji ukaguzi, ulipeleke gari likakaguliwe, kisha upandishe kuwa bima kubwa.

Hesabu Hazidanganyi

Wakili, na ile 118,000 itahesabiwa ndani ya bima kubwa au itakuwa imekwenda na maji?

Wakili wa Pembezoni

Kama ni kampuni ile ile, mara nyingi hulipa tofauti tu. Kama umekata ndogo kampuni moja na kubwa kampuni nyingine, utalazimika kuomba ya kwanza ifutwe, na marejesho yake yatategemea masharti yao.

Dalali Mstaafu

Naongezea kwamba mfumo wa kutolea bima hautakubali gari moja kuwa na bima mbili zinazokwenda pamoja bila maelezo, kwa hiyo ni bora kila kitu kifanyike sehemu moja.

Binti Ngamiani

Naomba niweke kisa cha kaka yangu, kwa sababu mnazungumza kana kwamba mambo yamenyooka. Bima yake kubwa ilikwisha Jumamosi. Siku chache kabla, kampuni ilimtumia ujumbe wa simu kumkumbusha, ukisema maneno yenye maana kwamba anaweza kuhuisha bima yake ndani ya siku saba ili aendelee kufurahia huduma zao. Jumapili aligongwa na bodaboda aliyekimbia, taa na bampa vikavunjika. Jumatatu asubuhi alilipa ada yote, wakapokea fedha, na mchana akatoa taarifa ya ajali ya jana yake akiwa na fomu ya ajali, PF 90, kutoka polisi. Walikataa. Walisema Jumapili hakukuwa na mkataba na kwamba alichokilipia kilianza Jumatatu saa ile malipo yalipoingia.

Sasa niambieni, ule ujumbe wa siku saba ulikuwa na maana gani?

Dalali Mstaafu

Pole kwa kaka yako. Ujumbe ule ni mwaliko wa kibiashara na hauongezi muda wa mkataba. Siku saba ni muda wa kumvutia mteja arudi kwa masharti ya zamani, labda bila ukaguzi, lakini hatari iliyotokea katikati haibebwi na mtu.

Wakili wa Pembezoni

Hapo sikubaliani na mzee moja kwa moja. Kampuni ikitoa kauli inayomfanya mteja wa kawaida aamini kwamba bado amelindwa, na mteja akaitegemea kauli hiyo, kuna hoja ya kisheria kwamba kampuni isiruhusiwe kuigeuka. Kila kitu kinategemea maneno halisi ya ujumbe. Kama ulisema “huisha ndani ya siku saba uendelee kulindwa” hiyo ni kesi moja, na kama ulisema “huisha ndani ya siku saba upate punguzo” ni kesi nyingine. Dada, kaka yako bado anao?

Binti Ngamiani

Simu yenyewe iliibwa.

Konda wa Zamani

Nayo haikuwa na bima, nadhani.

Mama Kilakala

Konda, leo umeamkia upande gani? Dada Ngamiani, kampuni huwa na nakala ya ujumbe inaotuma. Kaka yako anaweza kuandika barua ya kuomba nakala hiyo, na wakimkatalia apeleke lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye huduma yake imewekwa kwa ajili ya wateja wa namna hii wasio na uwezo wa kwenda mahakamani.

Hesabu Hazidanganyi

Mimi nina shaka. Alilipa Jumatatu asubuhi na kutoa taarifa mchana. Kampuni itauliza kwa nini hakutaja ajali wakati analipa. Mwombaji wa bima anawajibika kusema kila jambo la maana analolijua kuhusu gari, na bampa lililovunjika jana ni jambo la maana. Hoja hiyo inaweza kumgeukia hata kwenye bima mpya.

Binti Ngamiani

Alilipa kwa simu akiwa kitandani. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Wakili wa Pembezoni

Na hiyo nayo ni hoja upande wake, kwa sababu kampuni ndiyo iliyochagua njia ya malipo isiyouliza maswali. Tuiache hapo, maana bila ule ujumbe tunapiga ramli.

Mtoto wa Buruburu

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu hali inakaribiana na yenu, ila kuna tofauti mbili. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, kwa hiyo hadithi ya kulipa baadaye haina nafasi. Pili, watu wengi huchukua cheti cha mwezi mmoja mmoja, jambo linalofanya bima ikatike mara kwa mara kwa sababu mtu anasahau tarehe. Ukirudi baada ya kukatika kwa bima kubwa, utapewa barua ya kwenda kwa mthamini, naye atakagua gari na kuandika thamani, kwa hiyo ubishi wa milioni 10 na milioni 12 humalizwa na mtu asiyekula kamisheni ya ada. Ningemshauri mtoa mada adai mthamini wa namna hiyo.

Jambo la kuogofya ni kwamba hata mwenye bima ya mtu wa tatu, mnayoiita bima ndogo, chini ya Sura ya 405 ya sheria zetu ana kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja aliyeumia au kufariki. Hukumu ikizidi hapo, kilichozidi ni chako.

Mpakani Namanga

Nikiongezea kwa ndugu wa Buruburu: wanaovuka mpaka wakumbuke kwamba kadi ya njano ya COMESA, ile ya bima ya kuvukia mpaka ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, huning'inia kwenye bima ya nyumbani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Bima ya nyumbani ikiisha ukiwa Nairobi, usidhani kadi itakubeba hadi urudi.

Mwana Leicester

Wasomaji mlioko Uingereza msichukue maelezo ya Wakili kuhusu ua wa gereji mkayatumia huku. Tangu 2011, gari lililosajiliwa lazima liwe na bima hata kama limelala, isipokuwa umetoa tamko rasmi kwamba haliko barabarani. Usipofanya hivyo, barua ya faini ya pauni 100 inakuja nyumbani bila trafiki kukuona. Ukikamatwa unaendesha, ni pauni 300 na alama sita kwenye leseni. Kwa upande wa punguzo la kutodai fidia, kampuni nyingi za huku hulitambua hadi miaka miwili baada ya bima kukatika. Nashangaa kusikia kwamba huko linafutwa kwa miezi tisa.

Dalali Mstaafu

Sikusema linafutwa na sheria, mwanangu. Nilisema kampuni nyingi humrudisha mteja mwanzo. Ni sera ya kila kampuni, na mteja anayejua kujieleza, akiwa na barua ya kampuni ya zamani inayothibitisha kwamba hakuwahi kudai, anaweza kulirudisha. Tatizo ni kwamba wateja wetu hawaiombi barua hiyo.

Bandubandu

Mimi nina njia fupi. Mpe wakala kitu kidogo arudishe tarehe nyuma hadi Juni, bima ionekane haikukatika, punguzo libaki na maneno yaishe.

Mama Kilakala

Bandubandu! Kwanza utakuwa umelipia miezi ambayo gari lilikuwa bovu, yaani umejitengenezea mwenyewe lile deni ulilotutishia mwanzoni. Pili ni udanganyifu. Tatu haiwezekani, kwa sababu bima hutolewa kupitia TIRA-MIS, mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ambao unaandika siku na saa hati ilipotolewa.

Dereva wa Mbezi

Nathibitisha hilo la mfumo. Zamani trafiki alikuwa akisimama kwenye kioo anasoma stika ya karatasi, na waliokuwa na stika bandia walipita. Wiki iliyopita nilisimamishwa Kibamba, askari hakutazama kioo kabisa. Aliandika namba ya gari kwenye simu, akasubiri mtandao, akaniambia bima yangu inaisha mwezi ujao tarehe fulani. Mimi mwenyewe nilikuwa sikumbuki.

Fundi Bodi

Mfumo huo huo unamsaidia mteja. Ukishalipa, usiridhike na karatasi ya wakala. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TIRA uone kama hati ipo, ni ya aina gani na inaanza lini. Nimemwona mteja aliyelipia bima kubwa akakuta kwenye mfumo ameandikiwa ndogo. Wakala wake alisema ni hitilafu ya uingizaji, na huenda ilikuwa hivyo.

Konda wa Zamani

Hitilafu iliyoingia mfukoni.

Kiburugwa (mtoa mada)

Asanteni sana. Nimempigia wakala tena. Amesema yuko tayari kushusha thamani hadi milioni 11 iwapo mkaguzi ataridhia, na kwamba suala la punguzo atauliza makao makuu. Nilipomuuliza kuhusu gia boksi, alisema niiandike kwenye fomu kama matengenezo makubwa yaliyofanyika. Rafiki yangu ananiambia nisiandike kwa sababu itaongeza bei. Nifuate lipi?

Hesabu Hazidanganyi

Andika. Kiwango ni asilimia ya thamani, sioni gia boksi itaongezaje bei, isipokuwa kama imebadilisha thamani.

Fundi Bodi

Andika na uambatanishe risiti. Uchakavu wa gia boksi haulipwi na bima ya gari kwa vyovyote vile, lakini ikivunjika kwa ajali, risiti itaonesha kwamba ilikuwa mpya.

Dalali Mstaafu

Mimi ningeiandika pia, ingawa naijua kampuni moja ambayo mkaguzi wake akisikia gari limelala miezi mingi huomba ripoti ya fundi kuhusu breki na matairi. Hilo linaweza kukuchelewesha.

Kiburugwa (mtoa mada)

Kuna jambo jingine limejitokeza baada ya kutoa kadi. Kadi ya gari bado iko kwa jina la aliyeniuzia. Bima ya zamani ilikatwa kwa jina langu na hakuna aliyeuliza, lakini safari hii wakala anasema mfumo unamleta mwenye kadi.

Wakili wa Pembezoni

Hilo ni kubwa kuliko yote uliyouliza. Ili ulipwe fidia ya gari lako ni lazima uwe na maslahi katika gari hilo, yaani likiharibika uumie wewe. Mkataba wa mauziano unaweza kuthibitisha maslahi yako, lakini kampuni inayotafuta sababu ya kukataa itaanzia kwenye kadi. Badilisha umiliki TRA kwanza.

Mnunuzi wa Mnada

Kubadilisha umiliki kunataka mkataba wa mauziano, nyaraka za muuzaji na kodi zake, na muuzaji mwenyewe apatikane. Nusu ya magari ninayoyaona mitaani yangekaa bila bima kama ingekuwa hivyo. Akate bima ndogo leo kwa jina lililo kwenye kadi, maana ile hulinda watu wengine na hufuata gari, kisha kubwa asubiri kadi mpya.

Dalali Mstaafu

Au akate kubwa kwa majina yote mawili, la mwenye kadi na la mnunuzi. Tulikuwa tukifanya hivyo.

Wakili wa Pembezoni

Na fidia ikitoka, hundi itaandikwa jina la nani, mzee?

Kiburugwa (mtoa mada)

Muuzaji alihamia Songea na namba yake haipatikani. Kesho naanza na dalali aliyetukutanisha.